Mvua Kubwa, Dhoruba na Maji ya Ukingoni mwa Ziwa Nalubaale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wavuvi, wafugaji wa samaki, wenye hoteli za ufukweni na kila anayechota maji kwenye mialo ya Uganda, kuanzia Kasensero hadi Majanji. Wengine huliita ziwa hili Victoria, wengine Nalubaale. Majibu ni yaleyale.

Uganda haina bahari. Habari za maji ya pwani zinatuhusu nini?

Bahari hatuna, lakini tuna zaidi ya asilimia 40 ya ziwa lenye kilometa za mraba 68,800 hivi. Maji ya ukingoni mwa ziwa kubwa namna hiyo hupata yanayoyapata maji ya pwani: mito huyamwagia tope, upepo huyakoroga, na chochote kilichokuwa nchi kavu, kiwe mbolea au kinyesi, huishia humo. Tofauti kubwa ni mbili. Ziwa halina chumvi, na lina mlango mmoja tu wa kutokea, ambao ni Nile pale Jinja. Tofauti hizo ndizo zinazofanya ushauri ulioandikwa kwa watu wa bahari utupoteze mara nyingine.

Dhoruba ikishapita, maji hurudi katika hali yake baada ya muda gani?

Hapa ndipo watu wengi hukosea, maana hupima hatari kwa mawimbi. Mawimbi hutulia kwa saa chache. Tope zito hutua kwa siku moja hadi tatu, ila chembe za udongo wa mfinyanzi zinaweza kuelea zaidi ya wiki katika ghuba iliyofungika kama ya Murchison, karibu na Kampala. Vijidudu vya kinyesi huhitaji siku kadhaa ili vipungue. Jua ndilo linaloviua kwa haraka, kwa hiyo mawingu yakitanda, na tope likivikinga, hudumu zaidi. Mwani nao hauna pupa: husubiri maji yatulie na jua litoke, ndipo uote, mara nyingi wiki moja au mbili baada ya mvua.

Matokeo yake ni kwamba siku ile ziwa limelala kama mkeka, mbingu ni safi na watoto wanaruka majini, huenda ndiyo siku maji yalipo mabaya kuliko yote. Kanuni tunayoifuata: baada ya mvua kubwa, usioge wala kuchota ukingoni kwa saa 72. Karibu na mdomo wa mtaro wa mji, hesabu siku tano.

Kwa nini dhoruba za ziwani hupenda usiku na alfajiri?

Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, ziwa hubaki na joto lake, na pepo za kutoka Uganda, Kenya na Tanzania hukutana juu ya maji. Hewa hiyo yenye unyevu haina pa kwenda ila juu. Ndiyo maana radi nyingi za ziwani hupiga kati ya saa sita usiku na saa tatu asubuhi, saa zilezile ambazo wavuvi wa mukene (dagaa) wako kazini na taa zao.

Kumbuka pia kwamba upepo hutangulia mvua. Hewa baridi inayoporomoka kutoka kwenye wingu husambaa juu ya maji na kuupiga mtumbwi kabla tone la kwanza halijadondoka. Anayesubiri mvua ianze ndipo ageuze injini amechelewa.

Maji ya kahawia yanatoka wapi, na yanapotea wapi?

Chukua mvua ya milimita 50. Hekta moja ya mabati na lami hupokea lita 500,000, yaani jerikeni 25,000 za lita 20. Msitu au kinamasi kingekunywa sehemu kubwa ya maji hayo, lakini bati na lami havinywi. Yote hukimbilia mitaroni. Kampala mengi hukusanyika katika mfereji wa Nakivubo na kushuka Ghuba ya Murchison pamoja na kavera (mifuko ya plastiki), oili ya gereji na yaliyofurika vyooni. Mafunjo ya kinamasi cha Nakivubo yalikuwa yakiyapunguza kasi na kuyachuja. Kadiri kinamasi kilivyolimwa magimbi na miwa na kujengwa, ndivyo maji yanavyopita moja kwa moja. Mitambo ya maji ya Ggaba huvuta kutoka ghuba hiyohiyo. Kuchafuka kwake ni sababu mojawapo iliyofanya mtambo mwingine ujengwe mbali, Katosi, wilayani Mukono.

Maji ya mto yakiingia ziwani hayachanganyiki papo hapo. Yakiwa ya baridi au yamebeba tope jingi huwa mazito, huzama na kutambaa sakafuni. Gramu moja ya udongo ndani ya lita moja huyafanya maji yawe mazito kana kwamba yamepozwa nyuzi mbili na nusu hivi. Ndiyo sababu unaweza kuona mstari mkali, kahawia huku na kijani kule, kahawia imekatika ghafla. Haijaisha, imeingia chini. Mwenye pampu ambaye mdomo wa bomba lake umelala karibu na sakafu atavuta tope siku ambayo maji ya juu yanaonekana safi kabisa. Inua mdomo huo angalau meta moja kutoka chini, uufunge kwenye boya, na usiupeleke juu kabisa pia, maana huko mwani hukusanyika.

Je, baharini hali ni hiyohiyo?

Huko mwamuzi ni chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, kwa hiyo maji ya mto, hata yakiwa na tope, kwa kawaida huelea juu yake kama shuka. Rufiji, Tana au Sabaki ikifurika, shuka hiyo ya kahawia hutandazwa mbali kutoka pwani. Chini yake matumbawe hukosa mwanga na kufunikwa na tope, na chumvi ikipungua mno hufa. Shuka hilo pia huzuia hewa ya juu kufika chini.

Bahari hupanda pia. Mgandamizo wa hewa ukishuka kwa milibari moja, maji huinuka sentimita moja hivi, kisha upepo huyasukuma kuelekea ufukweni na kuyarundika. Kimbunga Idai kilipoingia karibu na Beira, Msumbiji, Machi 2019, watu walibanwa pande mbili: bahari ilipanda huku mito ya Buzi na Pungwe ikifurika kutoka bara. Ziwani upepo nao huegemeza maji upande mmoja, lakini ni kwa kiasi kidogo zaidi. Mvuvi wa Ssese haogopi bahari kupanda. Anaogopa mawimbi mafupi yaliyosongamana, ambayo huujaza mtumbwi kabla haujapanda linalofuata.

Kimbunga cha baharini kinaweza kufika Uganda?

Hapana. Kimbunga huhitaji msukumo wa mzunguko wa dunia, nao karibu na ikweta ni hafifu mno. Kinahitaji pia bahari ya joto chini yake. Kikipanda nchi kavu hukatiwa chakula. Hidaya, kilichofika Mafia, Tanzania, Mei 2024, ni mfano wa kimbunga kilichosogea kaskazini kuliko ilivyozoeleka, nacho kilikufa upesi.

Ila athari za mbali zipo. Kimbunga kikiwa mashariki mwa Madagaska kinaweza kuvuta pepo za magharibi zenye unyevu wa Kongo zipite juu yetu. Kinachotuamulia zaidi ni joto la Bahari ya Hindi: upande wa magharibi ukiwa na joto kuliko wa mashariki, mvua za Oktoba hadi Desemba huzidi. Ndivyo ilivyokuwa 1961, 1997 na 2019.

Kwa nini sangara hufa kwa wingi baada ya dhoruba? Si sumu?

Mara nyingi si sumu. Kwa miezi mingi, takribani Septemba hadi Mei, maji ya juu yenye joto hukaa juu ya maji ya chini yaliyopoa kidogo. Tofauti ni nyuzi moja au mbili tu, lakini katika joto letu hiyo yatosha kuyatenga. Huko chini vinavyooza hula oksijeni na hakuna mpya inayoingia. Dhoruba ikikoroga, maji hayo hupanda, mengine yakinuka yai viza. Wakati huohuo mto unaleta uchafu mpya wa kuoza, na mawingu yanauzuia mwani kutengeneza oksijeni mchana. Sangara huhitaji oksijeni nyingi kuliko ngege (tilapia), na wale wakubwa ndio hutangulia.

Mwishoni mwa 2020 na Januari 2021 sangara wengi walikutwa wakielea katika ziwa hili na Kyoga. Maneno ya sumu yalienea, na Wizara ya Kilimo ikaeleza kwamba ni upungufu wa oksijeni uliofuatana na dhoruba.

Jinsi ya kutofautisha: oksijeni ikiisha, hufa sangara wakubwa kwanza, alfajiri, na ngege huonekana juu wakihema kwa midomo. Ukiona kila aina imekufa pamoja, hadi vifaranga na konokono, saa yoyote ya mchana, hapo shuku sumu na uite ofisa wa uvuvi. Mchukulie sampuli: samaki anayekufa, si aliyeoza, ndani ya barafu, na chupa safi ya maji iliyojazwa pomoni bila kuacha hewa, iliyoandikwa saa na mahali. Samaki aliyekutwa anaelea asiuzwe wala kukaushwa, hata awe mkubwa na ananukia vizuri. Hujui ameelea tangu lini.

Nina vizimba vya ngege. Nifanye nini mvua zikikaribia?

Anza na kuelewa akiba yako. Ziwa liko meta 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa maji ya nyuzi 25, maji yaliyoshiba hewa hapa yana miligramu 7.2 hivi za oksijeni kwa lita, si 8.3 zinazoandikwa katika vitabu vya usawa wa bahari. Umeanza safari na tangi pungufu.

Pima oksijeni alfajiri kabla jua halijachomoza, mara mbili: kina cha nusu meta katikati ya kizimba, na usawa wa chini ya wavu. Kipimo cha saa nane mchana kitakudanganya, maana mwani umekwisha kujaza oksijeni kwa kazi ya mchana kutwa. Ukipata miligramu 5 na kuendelea, lisha kama kawaida. Kati ya 3 na 5 punguza chakula kwa nusu na usilishe asubuhi. Chini ya 3 acha kabisa. Samaki aliyeshiba hutumia oksijeni zaidi kusaga alichokula, kwa hiyo kumlisha "apate nguvu" ni kumwua kwa huruma. Siku hizo usihamishe, usipange kwa ukubwa, usivue.

Kazi kubwa hufanywa kabla ya mvua. Sugua nyavu, kwa sababu wavu ulioota utando huzuia maji kupita, na kizimba kinageuka ndoo. Hakikisha chini ya wavu kuna meta 2 au 3 mpaka sakafuni. Karibu zaidi ya hapo mawimbi yatafukua mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki wako mwenyewe na kuwarudishia. Kamba ya nanga iwe angalau mara tatu ya kina: kina meta 8, kamba meta 24. Kamba fupi huivuta nanga kwenda juu badala ya kuilaza, ikang'oka wimbi la kwanza. Waliokufa watoe kila siku na uwazike mbali na maji.

Maji yamekuwa kijani kama rangi ya ukuta iliyomwagika. Nikiyachemsha yanafaa?

Hayafai. Utando huo wa kijani mara nyingi ni sayanobakteria, yaani bakteria wanaofanana na mwani, na baadhi ya aina zake hutoa sumu inayodhuru ini. Moto hauiondoi, kuchemsha hupasua seli na kuimwaga sumu iliyokuwa ndani. Klorini ikiwekwa moja kwa moja kwenye utando hufanya vivyo hivyo. Tafuta chanzo kingine: mvua iliyokingwa, kisima au bomba. Ng'ombe, mbuzi na mbwa wasinywe hapo.

Kipimo cha kienyeji kinachosaidia: chovya kijiti. Kikitoka na nyuzi kama nywele, ni mwani wa kawaida. Kikitoka kimepakwa kama kilichochovywa kwenye kopo la rangi, kaa mbali. Upepo huusukuma utando upande mmoja, kwa hiyo ghuba moja ikawa safi asubuhi na kijani jioni.

Mwalo wetu hauna bomba. Tuyasafishe vipi maji ya tope?

Rangi ikiwa ya tope, si kijani, kazi inawezekana. Chota mbali na ukingo, mahali penye kina cha kiuno kwenda juu na upande upepo unakotoka. Yaache yatulie kwenye chombo kilichofunikwa usiku kucha, ikiwezekana saa 24, kisha mimina polepole yale ya juu bila kuamsha mashapo. Chuja kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne. Sasa ndipo uue vijidudu: chemsha mpaka yatokote kwa nguvu dakika moja, au tumia vidonge vya klorini. Kidonge cha miligramu 67 hutosha jerikeni la lita 20 la maji maangavu. Yakiwa bado na ukungu weka viwili. Tikisa, subiri dakika 30.

Kosa la kawaida ni kuweka klorini kwenye maji yenye tope bila kuyatuliza. Tope huila klorini yote, na vijidudu hubaki vimejificha ndani ya chembe. Usiposikia hata harufu kidogo ya klorini baada ya nusu saa, jua imeliwa.

Mvua huongeza kichocho?

Huweza. Mayai ya kichocho cha matumbo, ambacho ndicho cha ziwa hili, hutoka na kinyesi; mvua huyasomba kutoka vichakani na vyoo vilivyojaa hadi majini. Ziwa likipanda, nyasi zilizofunikwa na maji huwa makazi mapya ya konokono, palepale akina mama wanapofulia. Minyoo hutoka kwa konokono zaidi jua linapokuwa kali, karibu na adhuhuri, na hupenya ngozi kwa dakika chache. Kujifuta taulo baadaye si kinga ya kutegemea. Maji yaliyokaa kwenye chombo siku mbili bila konokono ni salama kuogea kwa upande wa kichocho, maana minyoo hiyo hufa isipompata mtu. Dawa ni prazikwanteli. Waulize wahudumu wa afya, wala usingoje damu kwenye choo.

Mvua iliisha mwezi uliopita. Mbona ziwa bado limejaa?

Kwa sababu ya ule mlango mmoja wa kutokea, Nile pale Jinja. Sentimita moja ya ziwa zima ni meta za ujazo milioni 688. Nile ikitoa meta za ujazo 1,000 kwa sekunde, huchukua siku nane kuondoa sentimita hiyo moja, na hapo hakuna tone lililoingia. Mchukuzi mkubwa zaidi ni jua: mvuke hubeba mara kadhaa ya kinachopita Jinja. Mvua inayodondoka juu ya ziwa lenyewe ndiyo sehemu kubwa ya maji yanayoingia; mito, Kagera ikiwa mkubwa wao, huleta kiasi kidogo zaidi.

Mvua za 1961 na 1962 ziliinua ziwa zaidi ya meta mbili kufikia 1964. Za mwishoni mwa 2019 zilirudisha kiwango karibu na hapo Mei 2020, na mialo na hoteli nyingi zikaingiliwa. Kanuni za mazingira zinataka meta 200 ziachwe wazi kutoka ukingoni. Wanaouza viwanja ziwa likiwa limeshuka hawataji namba hiyo.

Visiwa vinavyoelea hutoka wapi?

Ni mafunjo na matete yaliyoota juu ya mboji. Maji yakipanda haraka, mboji huinuka, mizizi hukatika na upepo huchukua kipande kizima. Aprili 2020 kimoja kilifika bwawa la Jinja, kikaziba mitambo, na nchi ikakosa umeme. Gugu maji husafiri vivyo hivyo, likiziba mialo na kuua oksijeni chini yake. Kisiwa kikisimama mbele ya mwalo wako usikipande. Kinaweza kupasuka, na nyoka wamo. Funga nyavu mapema, upepo ukibadilika kitaondoka.

Nitajuaje kama safari iahirishwe?

Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Uganda hutoa utabiri wa ziwa. Upate kabla ya kutia mafuta. Majini, ukiona mwanga wa radi hesabu sekunde mpaka mngurumo. Kila sekunde tatu ni kilometa moja. Chini ya sekunde 30, radi inakufikia. Elekea kisiwa kilicho karibu, si mwalo wako. Laifu jaketi huvaliwa, haikaliwi.

Ninaweza kupima maji yangu bila maabara?

Ndiyo. Kata bati la mviringo lenye upana wa sentimita 20, lipake robo mbili nyeusi na mbili nyeupe kwa kupishanisha, toboa katikati, funga kamba na jiwe chini yake. Weka fundo kila sentimita 10. Kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, shusha upande wa kivuli cha mtumbwi mpaka lisionekane, soma kamba, vuta mpaka litokee, soma tena, chukua wastani. Kama wiki iliyopita ulisoma sentimita 110 na leo 30, mto wako umefika. Andika tarehe, saa, upepo ulikotoka na kama usiku ilinyesha. Baada ya misimu miwili ya mvua daftari hilo litakuambia mwalo wako huhitaji siku ngapi kusafika.